Kujikumbusha Kiingereza mbele ya egzame ya Leta: kumbe «niko nakula» inafungua mlango

LUBUMBASHI. Ilikuwa siku ya posho, saa nane ya mchana, mwisho wa mwezi wa tano. Baridi ya kiangazi ilikuwa imeanza kushuka, na mu ile klase ambamo tuliingia, madirisha mawili hayakuwa na vioo. Wafinalisti walikaa wane wane ku benchi moja, kila mtu na kaye yake juu ya magoti. Ku tablo, mwalimu alikuwa ameandika kwa chaki maneno haya tu: «I eat» na «I am eating».

«Tofauti iko wapi?» aliuliza.

Kimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma akajibu mambo yenye alishika kwa kichwa tangu zamani: «Simple present na present continuous, Mwalimu.»

«Majina najua. Mi nauliza tofauti.»

Kimya tena. Njo pale msichana mmoja wa benchi la pili aliinua mkono, akasema pole pole, sawa mtu mwenye kuogopa wenzake wamcheke: «Mwalimu, ya kwanza ni "nakulaka". Ya pili ni "niko nakula".»

Klase yote ikacheka. Mwalimu hakucheka. Aligeuka ku tablo, akaandika ile maneno ya Kiswahili chini ya ile ya Kiingereza, akapiga mistari miwili chini yake. «Andikeni», akasema. «Juma tatu niko nafundisha hii kitu, na leo njo imeingia.»

Tulienda mu ile klase juu ya barua za wazazi. Kila mwaka, wakati egzame ya Leta inakaribia, wazazi wanatuuliza swali lile lile: mtoto alisoma Kiingereza miaka mingi, anajua kanuni zote kwa kichwa, lakini ukimpa gazeti la Zambia anakaa kimya. Namna gani? Mwalimu huyu alikubali tukae nyuma ya klase yake posho tatu zenye kufuatana, wakati wa kujikumbusha masomo. Alituomba jambo moja tu: tusiandike jina lake wala la masomo yake.

Faida yenyewe kila mtu wa hapa kwetu anaijua. Ku egzame ya Leta kuna siku ya luga, na Kiingereza kiko ndani. Chini ya 50 kwa mia, diplome hakuna. Tena kuna maisha nyuma ya egzame. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa haifiki hata kilometre 100, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, luga ya Leta ni Kiingereza. Tangu mwaka 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kule pia makaratasi mengi yanaandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kukijua anapata kazi. Mwenye kukijua nusu, siku ingine anaipoteza.

Kaka wa yule msichana

Yule msichana wa benchi la pili, tulikuja kujua kama ni mara yake ya pili kukaa mu hii klase. Mwaka uliopita jina lake halikutoka. Mama yake, mjane, anauzisha makala kando ya barabara, na alilipa tena feza za masomo na za egzame kwa ile makala. Lakini yeye mwenyewe alipotuelezea sababu ya kupenda Kiingereza, hakuanza na egzame. Alianza na kaka yake.

Kaka yake alikuwa anafanya kazi ya makaratasi kwa mfanyabiashara mmoja mwenye kuingiza mizigo kutoka Zambia. Siku moja ujumbe ukaingia kwa Kiingereza: shofere «will eventually bring the original papers». Kaka akasoma ile neno «eventually» na macho ya Kifaransa, akaona «éventuellement». Akamwambia bosi: «Labda ataleta makaratasi.» Bosi hakutaka kuchezesha feza yake ku «labda». Akaachana na ile kamiyo, akatafuta mtu mwingine. Kesho yake shofere akafika na makaratasi yote mu mkono, juu ya «eventually» haina «labda». Maana yake ni «kwa mwisho», «mwishowe ataleta tu». Mzigo ulipotea bei, na kaka alipoteza kazi.

«Neno moja tu», alituambia yule msichana. «Na alikuwaka anajua Kingereza kunishinda.»

Luga tatu mu kichwa kimoja

Mwalimu anasema watoto wetu hawakosi akili. Shida ni kama mu kichwa chao luga tatu zinasukumana mlangoni, na hakuna mtu aliyewaonyesha ipi iingie wakati gani. Njo maana, wakati wa kujikumbusha sarufi, yeye hafungui tena orodha ya kanuni. Anauliza kila mara: hapa, Kiswahili kinatusaidia ao kinatudanganya? Na Kifaransa?

Tuliandika mifano yake, juu itasaidia na wasomaji wetu wenye watoto nyumbani.

Kwanza, pahali Kiswahili kinasaidia. «Minakulaka bukari» ni desturi, jambo la kila siku: «I eat bukari». «Niko nakula» ni sasa hivi, mdomo umejaa: «I am eating». Kifaransa kinasema «je mange» kwa yote mawili, basi mtoto mwenye kupitia Kifaransa anapotea. Mwenye kupitia Kiswahili cha nyumbani anafika mbio.

Ni vilevile kwa mambo yaliyopita. Kwa Kifaransa tunasema «je l'ai vu hier», na mtoto anatafsiri neno kwa neno: «I have seen him yesterday». Ni kosa. Ukitaja siku, ile «have» inatoka: «I saw him yesterday». Kiswahili chetu kinatenga ile mambo mbili bila hata sisi kujua: «nilimuona jana» ni «I saw him yesterday», «nilisha muona», bila kusema siku gani, ni «I have seen him».

Halafu, pahali Kiswahili kinadanganya. Sisi tunasema «yeye» kwa mwanaume na kwa mwanamke. Njo maana watoto wengi wanaandika «my mother, he». Ukisoma tena kazi yako, mwalimu anasema, tafuta kila «he» na uulize: huyu ni baba ao mama?

Tena alama ya mtu. Kwa Kiswahili inakaa mbele: ni-nafanya, u-nafanya, a-nafanya. Kwa Kiingereza inakaa nyuma, na kwa mtu mmoja tu: «he works, she works». «Kiswahili inavaa kofia», mwalimu anawaambia, «Kingereza inavaa mkia. Na ule mkia munausahauka kila siku.» Tuliona kwa macho yetu: ku kaye 10 zenye tulifungua, 8 zilikuwa na «he work» ao «she go».

Kisha, pahali luga zote mbili zinadanganya pamoja. «J'ai 18 ans», «niko na miaka 18»: zote zina mambo ya kuwa na kitu. Basi mtoto anaandika «I have 18 years» bila mashaka, juu mashahidi wawili wamekubaliana. Lakini Mwingereza hana miaka. Yeye ni miaka: «I am 18». Vilevile njaa: «I am hungry», hapana «I have hunger».

Ile neno «the» nayo inasumbua. Kiswahili hakina kitu kama hicho, lakini mwalimu anawaonyesha kama mu muji wetu tunasema kila siku «ile motokari», «ile mutu», maana yake ile tunayoijua sisi wawili. Pale njo «the» inakaa vizuri. Ukisema jambo kwa ujumla, acha. Kifaransa kinasema «la vie est dure», lakini Kiingereza kinasema «life is hard», bila «the» mbele.

Na mwishowe marafiki wa uongo, yale maneno yenye sura ya Kifaransa na moyo mwingine. «Library» ni pahali pa kuazima vitabu, haina «librairie» pahali pa kuvinunua. «Attend» ni kuhuzuria, haina kungojea. «Actually» ni kwa kweli, haina sasa hivi. Na «eventually», ile ya kaka.

«Mwalimu, ile inatokeaka ku egzame?»

Posho ya pili, mwalimu alibadilisha mambo. Aliandika ku tablo maneno yenye watoto wanayajua tangu somo la Kifaransa: comparaison, métaphore, personnification, hyperbole. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaita tashibihi, sitiari, tashihisi na chuku. Kwa Kiingereza: simile, metaphor, personification, hyperbole.

Mara moja sauti ikatoka nyuma: «Mwalimu, ile inatokeaka ku egzame? Wakati tuko nao kidogo. Tufanye bale ba verbe.»

Wengi wakaitika. Na sisi, tuseme kweli, tuliona kijana ana haki. Mtu mwenye juma chache mbele yake anataka kushika yenye kuleta pointi.

Mwalimu hakukasirika. Alitoa karatasi za mtihani mdogo wenye aliwafanyisha juma moja mbele. Ilikuwa hadisi fupi yenye aliandika yeye mwenyewe: mwanaume anapata barua, barua inasema shamba la baba yake limeuzishwa. «The news broke his heart», hadisi inasema. Swali: huyu mtu anasikia nini? Majibu ya kuchagua: ana ugonjwa wa moyo, ana huzuni, ana furaha, ana haraka. Zaidi ya nusu ya klase walichagua ugonjwa wa moyo. Mmoja aliandika hata kando kama wampeleke ku lopitalo.

«Sarufi yote mulijua», mwalimu akasema. «Broke ni past ya break, kila mutu aliona. Pointi ilienda wapi?»

Kijana wa nyuma akainamisha kichwa. Alikuwa mmoja wao.

Pale tulielewa juu ya nini mwalimu anashikilia hii kazi. Ku egzame, hawakuulizi lazima jina la métaphore. Lakini wanakupa maandiko usome na ujibu, na mu maandiko watu hawasemi kila siku kwa unyoofu. Mwenye kutojua kama maneno yanaweza kuvaa nguo ya maneno mengine, atajibu kwa ile anaona nje.

Na tena, hakuna haja ya kwenda London kutafuta mifano. Mwalimu aliwaomba waseme namna tunasema nyumbani, halafu klase inatafsiri.

«Njaa iko naniuma», mmoja akasema. Njaa haina meno, lakini inauma: njo personification. Akaandika: «The hungry is biting me.» Wakarekebisha pamoja. «Hungry» ni mtu mwenye njaa. Njaa yenyewe ni «hunger». Na juu ni jambo la ujumla, «the» inatoka: «Hunger is biting me.»

«Nilikuambia mara elfu», mwingine akasema, na klase ikacheka, juu kila mama wa Lubumbashi alisha kusema vile. Njo hyperbole: hesabu ya uongo yenye kusema ukweli wa hasira. «I have told you a thousand times.» Na angalieni, mwalimu akaongeza, hakuna siku yenye kutajwa, basi «have» imebaki.

«Pikipiki» ikaletwa kama mfano wa neno lenye kuiga sauti ya kitu. Kiingereza nacho kina «buzz» kwa nyuki. Na mezali ya wazee «haraka haraka haina baraka», ukiisema kwa sauti, utasikia namna herufi zinarudiliana mpaka maneno yanashikana mu kichwa. Waingereza nao wanapenda vile.

Kijana wa nyuma, ule ule wa «bale ba verbe», alikuwa kimya muda mrefu. Baba yake ni shofere. Akainua mkono: «The trucks sleep on the road like tired goats.» Mwalimu akauliza klase: kuna nini humu? Kuna «like», basi ni simile. Kuna kamiyo zenye kulala usingizi, basi ni personification. Mwingine akaongeza: «The road to Kasumbalesa is a long snake of lorries.» Hapa hakuna «like» wala «as»: barabara haifanani na nyoka, imekuwa nyoka. Njo metaphor. Kila mtu mwenye alisha kungojea ku ile barabara alijua kama hakuna uongo.

Mwalimu aliwakumbusha pia kama mtoto wa hapa hapa, Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, aliandika riwaya yake «Tram 83» kwa Kifaransa, ikatoka mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikasomwa kwa Kiingereza. Na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, kitabu chake «The Invention of Africa» cha mwaka 1988 kiliandikwa kwa Kiingereza. «Bale nao banatoka mu mavumbi ile ile», alisema.

Makosa ine mu mstari mmoja

Posho ya tatu, ya mwisho, kila mwanafunzi alipaswa kuleta mstari mmoja wa Kiingereza wenye picha ndani yake, juu ya mtu wa nyumbani. Mwalimu alimwita yule msichana wa benchi la pili. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akaenda, akaandika ku tablo na maandishi madogo:

«My mother is a charcoal, he burn for we eat.»

Hakuna aliyecheka, hata nyuma. Mwalimu alingojea kidogo, halafu akasema: «Picha hatuigusi. Picha ni yake. Tutengeneze tu sarufi, kusudi mutu wa ng'ambo naye aione.»

Wakaanza. Wa kwanza akasema «he» iwe «she», juu ni mama. Wa pili akasema mkia umesahauliwa: «burns». Wa tatu, baada ya mabishano, akaona kama «charcoal» ni kama maji ao bunga, haihesabiwi moja moja, basi ile «a» inatoka. Ya mwisho ilikuwa nguvu. «For we eat» ni Kiswahili na Kifaransa vyenye kuvaa suruali ya Kiingereza, «pour que», «kusudi tukule». Kijana wa nyuma njo alipata: «so that we can eat».

Ku tablo ikabaki hivi: «My mother is charcoal: she burns so that we can eat.»

Makosa ine, na yote ine yalikuwa mu yale mambo yenye walijikumbusha posho tatu. Msichana akaandika ule mstari mu kaye yake, pole pole, bila kuangalia mtu.

Tulimwuliza mwalimu kama hii namna yake inatosha kwa egzame. Hakutaka kutuahidi. Alisema bado kuna passive, bado kuna maswali na ile «do», bado kuna watoto wenye hawana hata kaye ya pili. «Lakini sasa banauliza», alisema. «Mutoto mwenye kuuliza "hapa Kiswahili inanidanganya?" ataenda mbali kunishinda.»

Kwa wazazi, basi, tunaacha maneno machache. Usimwambie mtoto aache Kiswahili kusudi ajue Kiingereza. Jioni, kisha kula, mwombe akuambie kwa Kiingereza mambo matatu: yenye unafanyaka kila siku, yenye uko unafanya sasa, na yenye ulifanya jana. Hata kama wewe hujui hata neno moja, yeye atajisikia mwenyewe pahali anakwama. Na akikuta mu kitabu neno lenye kufanana na Kifaransa, afungue diksionere mbele ya kuamini. Kaka wa yule msichana angelipa feza nyingi kusudi mtu amwambie vile mapema.

Wakati tulitoka, yule msichana alipita nasi mpaka pahali mama yake anauzisha. Mifuko ilikuwa imebaki miwili. Tulimwamkia mama, na binti akafungua kaye, akamsomea ule mstari kwa Kiingereza. Mama akamwangalia. «Ni nini ile, mama?» akauliza.

«Nimesema weye ni makala, unawaka kusudi siye tukule.»

Mama akafuta mikono yake ku kikwembe, akafikiri. «Ni kweli», akasema. «Lakini makala inaishaka. Pita egzame mbele.»